Fisi Alipotaka Kuwa Mtoto wa Mama Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Nikisema mtalala?
— Ukisema hatulali!
Basi sogeeni, na wewe hapo nyuma acha kutafuna, nisikie sauti yangu.

Palikuwa na Pimbi, yule mnyama wa majabalini, mdogo kama sungura aliyekatwa masikio. Alikaa pangoni na mkewe na binti yao mmoja. Binti aliitwa Sikujua. Kwa kuwa hakujua, wazazi wakampeleka chuo akajue. Akasoma, akajua, akavishwa joho, watu wakapiga vigelegele.

Kisha akatafuta kazi. Akaomba huku, wakamwambia, "Tutakupigia." Akaomba kule, wakamwambia, "Tutakupigia." Hawakupiga. Chakula kikamwishia, akafunga begi lake, akarudi kwao.

Mama alipomwona alilia, akacheka, akalia tena. Baba alikohoa, akaingia chumba cha zamani cha binti yake, akaanza kutoa magunia ya mahindi ili apate pa kulala.

Siku hiyo Mama Pimbi akapika wali wa nazi. Harufu ikateremka jabali, ikaenda mpaka kwa jirani yao Fisi. Huyo akaja, chopi, chopi, chopi.

"Hodi! Nimekuja kumpongeza msomi!"

Anayekuja na pongezi hafukuzwi. Na mwenye meno kama yale nani atamfukuza? Wakamkaribisha. Fisi akala, hapu! hapu! hapu! Akalamba sufuria, akaaga.

Kesho yake, chopi, chopi, chopi. "Hodi! Jana sikumpongeza vizuri!" Akala, hapu! hapu! hapu! Akalamba sufuria, akaaga.

Ikawa ndiyo desturi yake. Mpaka Sikujua akamkuta mama yake jikoni, anakwangua ukoko kwa kijiko.

"Mama, chakula chako kiko wapi?"

"Mimi napenda ukoko, mwanangu."

Sikujua alijua kwamba mama yake hapendi ukoko. Roho ikamuuma. Akajiona kama ni yeye aliyemleta Fisi mle ndani pamoja na begi lake.

Fisi alipokuja tena, alijinyoosha mkekani akasema, "Una raha wewe! Unalala bure, unakula bure. Laiti mimi ndiye ningekuwa mtoto wa hapa!"

"Unataka kweli, mjomba?" akauliza Sikujua. "Nafasi yangu nakupa. Kuanzia kesho alfajiri wewe ndiye mtoto aliyetoka chuo. Chakula chako kitakuwa mbele yako, hakuna wa kukunyang'anya. Ila usipoiweza nafasi hiyo, hapa usirudi tena."

"Kula kunishinde mimi? Nipe! Nipe!"

Akamvisha joho. Likamkaba shingo, likaishia kwapani. Kisha akaenda kuwanong'oneza baba, mama na shangazi yake aliyekaa pango la pili: "Mfanyieni kama mnavyonifanyia mimi. Msipunguze hata kidogo."

Baba akashangaa. "Kwani sisi tunakufanyia nini?"

"Upendo tu, baba."

Usiku huo Fisi akalala chumbani kwa Sikujua. Alfajiri, ngo! ngo! ngo!

"Amka, mwanangu. Msomi halali mpaka jua limwone."

"Chakula tayari?" Fisi akauliza.

"Kwanza maneno," akasema Mzee Pimbi. Akaketi, akaeleza alivyokwenda shule peku. Akaeleza mvua ya siku hizo, na mto, na viboko vya mwalimu. Jua likachomoza bado yuko mtoni.

Fisi akashika kikombe cha chai. "Kabla hujanywa," akasema Mama Pimbi, "nenda kisimani, mwanangu." Akaenda, chopi, chopi, akarudi. "Kabla hujaketi, simu ya jirani imezima. Itazame, si umesoma?" Akaitazama, nayo ikamtazama.

Mwishowe sahani ikaja, ugali na maharage ya nazi, mvuke unafuka. Fisi akakata tonge. Shangazi akaingia, akaketi mbele yake kabisa.

"Kazi umepata?"

"Bado."

"Mchumba?"

"Bado."

"Mtoto wa Nguchiro mlisoma naye. Sasa ana nyumba ya bati na mapacha. Wewe unangoja nini?"

Tonge likakwama kooni, kwak! Fisi akalitema.

"Mbona huli? Kula, mama yako amepika."

"Nitakulaje na macho yako yako kinywani mwangu?"

"Ona anavyojibu wakubwa! Kaka, tuiteni kikao cha ukoo!"

Fisi aliposikia ukoo mzima unakuja, alilirarua lile joho, rrraa! "Basi! Nimeshindwa! Nirudishieni ufisi wangu!" Mlangoni akasimama, akamwangalia Sikujua kwa huruma. "Pole sana, mwanangu." Kisha huyoo, gubu gubu gubu, akaporomoka jabali. Hakurudi tena.

Wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba yake ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Hivi ndivyo tunavyokufanyia?"

"Ndivyo, baba."

"Na hukukimbia?"

"Ningekimbilia wapi? Kwetu ni hapa."

Mzee Pimbi akakohoa. Akaivuta sahani aliyoiacha Fisi, akamsogezea binti yake. Sikujua akamvuta mama yake, wakala pamoja. Shangazi akafungua kinywa. Baba akamtia tonge.

Hadithi hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba mtoto akitoka chuo akarudi nyumbani, mshaurini alfajiri, muulizeni mchumba mchana, wala msimwache apumue, maana bila hayo fisi hatoki. Na nyie mnaosoma, someni sana. Elimu ni kitu kikubwa: itawafikisha mpaka kwa mama.

Hadithi yangu inavaa viatu, inaondoka. Iliyo kweli ichukueni. Chumvi niachieni mimi, nina mboga jikoni.