Basi la Vitofali na Kofia Moja

Sogeeni, sogeeni, na anayetafuna amalize kabisa. Mara ya mwisho niliwapa fumbo mkagombana mpaka wali ukaungua, lawama nikabeba mimi. La leo ni gumu kuliko lile. Sikilizeni mpaka mwisho ndipo mfungue midomo.

Palikuwa na dereva jijini, Bwana Pazi. Basi lake si basi hivi hivi, jamani. Lilikuwa lile refu lenye vipande viwili, linalojikunja katikati likikata kona, lenye njia yake peke yake na vituo vyake katikati ya barabara. Aliliendesha miaka mingi kwa raha zake, kisha ugonjwa ukamvamia macho, macho yakazima. Tangu hapo hakutoka nje. Alikaa chumbani, uso kauelekeza ukutani, na wenzake wakija kumwona anajifanya kalala. Mkewe alimbembeleza mpaka akachoka.

"Nitoke niende wapi?" alijibu. "Nikapapase kuta za watu?"

Alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja kajaliwa chake.

Mwamvita, mkubwa, alijaliwa jicho. Kitu akikitazama mara moja kimeingia kichwani, hakitoki. Ukirudia gauni la harusi ya mwaka juzi, atakwambia kifungo kipi umebadilisha, tena mbele za watu!

Kondo, wa kati, alijaliwa vidole. Redio iliyokufa, mwavuli uliovunjika mbavu, mkufu uliojifunga fundo: mpe, kaa pembeni, kunywa chai yako.

Sikudhani, kitinda mimba, alijaliwa ubishi. Msicheke! Ubishi nao ni kipaji. Mtoto yule akisema hapana, hata umpe maandazi sahani nzima, ni hapana.

Sasa, shangazi yao alipata sokoni, kwenye mitumba, gunia la vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyopachikana. Akawaletea. Sikudhani akachukua fungu lake, akajenga ghorofa lenye ngazi na roshani, likizo nzima, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulifuta vumbi. Vilivyobaki vikakaa guniani, mpaka siku Mwamvita alipotoka chumbani kwa baba yake anafuta machozi.

"Tumjengee basi lake," alisema. "Lile lile, si la kubabaisha. Macho yamekwenda, lakini mikono anayo."

Mwamvita akafumba macho, akalitoa basi kichwani kipande kwa kipande. Pua imelala hivi. Usukani mpana, umelala kama sinia. Dirisha la dereva lina kidirisha ndani yake. Kondo akizidisha hata kitofali kimoja, dada mtu anasema, "Bomoa." Kondo anabomoa.

Kondo naye akajenga. Rangi zilikuwa mchanganyiko mtupu, hata jirani, Mama Chausiku, akachungulia akacheka: "Hilo basi au shuka la viraka?" Kondo akaendelea kupachika, kwani rangi haipapaswi. Kilichomtoa jasho ni pale katikati, maana kitofali hakikunjiki. Alijaribu kitambaa, kikalegea. Alijaribu boksi, likachanika. Mwisho akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akaupiga mikunjo, akaubana kati ya vitofali huku na huku. Akasukuma. Basi likajikunja! Likanyooka, likajikunja tena! Mwamvita alirukaruka ua mzima, na Kondo alipepea vidole vyake vilivyochubuka huku anacheka.

Wakaligeuza walitazame vizuri. Mwamvita akashika kichwa. "Mungu wangu, milango!"

Kondo alikuwa kaiweka kushoto, kama mabasi yote mengine ya mjini. La baba lilifunguka kulia, kwa sababu ya vile vituo vya katikati. Mwamvita alijua fika, ila alizama kwenye usukani na viti, la milango likampita. Kuihamisha ni kubomoa mbavu zote mbili, na vitofali virefu vya kushikilia havikuwamo tena guniani.

Kondo akasema polepole, "Tuiache. Baba haoni."

Mwamvita akaanza kurudisha guniani vitofali vilivyobaki, maana yake kakubali.

"Hapana," akasema Sikudhani, ambaye mpaka hapo hakuwa amegusa kitu.

"Sikudhani, tumechoka."

"Hapana! Haoni, lakini anajua. Akishika milango upande siyo, atajua tumempa basi la watu wengine. Atasema ahsanteni wanangu, kisha atageukia ukuta."

Akaliendea ghorofa lake. Akalitazama. Akalipiga konzi moja, ghorofa chini! Akaokota vitofali virefu huku machozi yanamtiririka, akampa kaka yake. "Hamisha."

Wakahamisha.

Haya, wakamwekea baba yao basi mapajani. "Niacheni," alisema, lakini mkono ulikuwa umeshagusa pua ya basi. Ukapanda kwenye kioo. Ukashika usukani, ukatulia. Ukashuka kulia, ukakuta milango, ukafungua mmoja, ukafunga. Ukafika kwenye ule mpira, akalikunja basi, na chumba kizima kikasikia kicheko ambacho kilikuwa kimesahaulika nyumbani mle.

"Hili langu!" alipiga kelele. "Wallahi hili langu! Abiria, sogeeni nyuma, msizibe milango!"

Mkewe alitupa mwiko, akapiga vigelegele mpaka Mama Chausiku akaja mbio bila ndala, naye akapokea. Walicheka, walilia, yote kwa pamoja.

Bwana Pazi akasimama. "Kesho natoka. Nakwenda kituoni kuwasalimu wenzangu. Nipeni kofia yangu ya kazi." Akapewa. Akaipangusa. "Aliyenijengea basi hili ndiye atakayeivaa, anishike mkono, aniongoze. Na kofia itakuwa yake moja kwa moja. Nani kanijengea?"

"Mimi!" wakajibu watatu kwa sauti moja.

"Bila jicho langu," akasema Mwamvita, "mngejenga sanduku lenye matairi."

"Jicho lako limejenga nini?" akasema Kondo. "Basi lingebaki kichwani mwako mpaka leo."

"Na nyinyi wote," akasema Sikudhani, "mlitaka kumdanganya."

"Wewe hukupachika hata kimoja!" wakamrukia.

Baba yao akawasikiliza, akatikisa kichwa. "Kila mmoja kasema kweli. Lakini basi haliendeshwi na madereva watatu."

Wakamgeukia mama. "Mimi?" akasema. "Nyote nimewazaa, msinitie kitanzini." Akarudi jikoni.

Haya, nimemaliza, sasa ni zamu yenu. Na wewe uliyenyoosha kidole, usiniambie wapokezane, Bwana Pazi kakataa. Usiniambie Sikudhani kwa kuwa alilia, maana vidole vya Kondo vilichubuka na hakulia. Usiniambie Mwamvita kwa kuwa wazo ni lake, maana wazo lake nusura liishie upande wa kushoto.

Kumekucha. Bwana Pazi kavaa viatu, kasimama mlangoni kaelekea nje. Mkono mmoja una kofia, mwingine kaunyoosha anangoja. Watoto watatu wako mbele yake. Je, wewe ungesema nani aushike?