Kata Moja ya Maji ya Lusanga

Hapo zamani, si zamani za majini na wafalme bali zamani za vyuo na mahafali, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima, na chini yake kijiji kilichokunywa maji ya kijito cha Lusanga. Majitaka ya chuo yalipitia kwanza kwenye bwawa lililopandwa matete. Matete yakayachuja, na maji yakashuka kijitoni yakiwa safi.

Kijiji kilikuwa na desturi. Aliyechafua kijito hukabidhiwa kata ya maji yaleyale mbele ya watu. Akishaishika, kukisafisha ni juu yake. Hapikiwi wala haamkiwi mpaka amalize. Kata ni moja, haigawanywi. Na anayemkabidhi asiyestahili, mzigo humrudia yeye.

Basi Tunu, binti wa Nyanzala, alilazwa kwa kuhara. Nyanzala akachota kijitoni kata ya maji yenye povu, akapanda kilima, kijiji kizima nyuma yake.

"Ni nani aliyekichafua kijito?" aliuliza.

Profesa Mwinuka, mkuu wa chuo, akatoka. "Mama, tuheshimiane. Nilisema matete yanatutia aibu mbele ya wageni wa mahafali, yang'olewe, yapandwe maua. Lakini mimi ni mtu wa historia. Ningejuaje kwamba majani husafisha choo?"

"Uliuliza?"

Profesa akakohoa.

Akaja Semkiwa, mhandisi. "Bwawa lile nililichora mimi, na nilijua. Lakini kikao kilichoamua kilikuwa cha mkuu, na kupandishwa cheo kwangu kulikuwa mikononi mwake. Sikung'oa hata jani. Kunyamaza nako ni kuchafua?"

"Kimya chako, dada, kimo tumboni mwa mwanangu."

Mwisho akasogea Chogo, msimamizi wa bustani, mzaliwa wa kijiji kilekile. "Dada Nyanzala, mimi ni mtu wa kutumwa. Niliambiwa ng'oa, nikang'oa. Bwawa likaanza kunuka, nikafungua lango lake, maji yashuke kijitoni. Wageni wangeziba pua!"

"Na sisi tuzibe nini?" sauti ikapazwa kutoka nyuma. Watu wakacheka kicheko kichungu.

"Kufungua lango ulitumwa na nani?" Nyanzala aliuliza.

Chogo akamtazama Profesa; Profesa akatikisa kichwa kukana.

"Na wewe siku hizi unakunywa maji gani?"

"Ya bomba," alisema Chogo, macho chini. "Ya chuo."

Hasira ilimkaba Nyanzala, lakini hakutaka hasira imwamulie. Bila amri ya Profesa, matete yangalikuwapo. Bila kimya cha mhandisi, huenda amri ile ingalifia kikaoni. Huenda, kwani nani awezaye kuapa? Bila mkono wa Chogo, uchafu ungalibaki bwawani. Akatazama pia mbele: mwenye amri hajui kusafisha, mwenye kujua hana amri, na mwenye mikono hufanya tu anachoambiwa, na mara nyingine asichoambiwa. Akikosea, ataingia yeye kijitoni na koleo, huku Tunu akimngoja wodini.

Akainua kata. Wote watatu wakarudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, kama waliokwisha kupatana.

Enyi mnaosikiliza, mnaokunywa maji msiyojua yalikopita: kata iko mkononi mwa Nyanzala, na maji yanavuja. Je, nani alistahili kuishika?