Nahodha Korongo na Habari za Bahari

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wenye masikio?"

"Tupo!"

"Wenye midomo?"

"Tumeifunga!"

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na kisiwa cha wanyama. Msimu wa joto walivua wapendavyo. Lakini kipupwe kikiingia, baridi ikauma na upepo wa kusi ukavuma, bahari haikuwa ya kuchezea. Basi ikawa desturi: hakuna atiaye mguu majini mpaka mtazamaji aende alfajiri, aitazame bahari, arudi kutoa habari.

Mwaka huo wakamchagua Korongo. Kwa nini? Eti ana miguu mirefu na shingo ndefu! Walidhani na akili hupimwa kwa shubiri. Naye, chomboni hajapata kupanda hata siku moja, akajiita Nahodha.

Kisiwani hapo aliishi Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu. Mihogo yake ilikuwa imeozea shambani kwa mvua. Tegemeo lake lilikuwa bahari tu.

Siku ya kwanza Korongo akarudi, akasimama kwa mguu mmoja penye moto walipoketi wenzake.

"Nahodha, habari za bahari?"

"Jamani, imechafuka! Mawimbi marefu kama minazi. Nimeponea chupuchupu!"

"Pole, Nahodha!" wakaitikia wote, wakausogelea moto. Bi Nguchiro akaenda kuwachemshia watoto mchicha wa porini.

Siku ya pili Korongo akarudi.

"Nahodha, habari za bahari?"

"Jamani, imechafuka! Mkondo umemkata Kaa miguu miwili, nikimwona kwa macho yangu!"

"Pole, Nahodha!"

Kobe akatikisa kichwa utadhani alikuwapo. Kima, ambaye bahari aliijua kwa harufu tu, akaanza kuwaeleza wenzake jinsi mkondo unavyokata miguu. Mabingwa hao! Pwani ilikuwa hatua mia mbili, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kutazama. Hata Bi Nguchiro, tusimfichie, hakwenda. Alirudi nyumbani akachemsha mizizi.

Siku ya tatu Korongo akarudi.

"Nahodha, habari za bahari?"

"Jamani, imechafuka! Samaki wamehama, hata dagaa hayupo. Mimi mwenyewe siku ya tatu hii sijatia kitu tumboni."

"Pole, Nahodha!"

Lakini Korongo alipoinama kuzipokea pole zake, Bi Nguchiro akasikia mdomo wake unanuka shombo.

Nyumbani alimkuta mtoto wake mdogo kalala macho wazi. Jana alilia njaa. Leo halii, haombi, hana hata nguvu ya kumfukuza nzi. Bi Nguchiro akashikwa na hofu, kisha akashikwa na hasira.

Alfajiri ya siku ya nne akamfuata Korongo nyuma kwa nyuma.

Nje ya mwamba unaoikinga pwani, kweli, mawimbi yalikuwa yakipiga. Lakini ndani ya mwamba maji yalikuwa yamekupwa, yametulia kama maji ya bakuli, na samaki aina ya tasi wamejazana mle wakiyakimbia mawimbi. Katikati yao kasimama Nahodha, anameza. Akimeza mmoja anajizoeza: "Jamani, imechafuka!" Akimeza wa pili: "Jamani, imechafuka!"

Bi Nguchiro hakupiga kelele. Alikamata tasi watatu, akakimbia kuwalisha wanawe, mdogo kwanza. Kisha akaenda kuwaeleza wenzake, akawaambia wanyamaze.

Korongo akarudi, shingo imemvimba.

"Nahodha, habari za bahari?"

"Jamani, imechafuka! Leo ndiyo mbaya kupita zote."

"Pole, baba," akasema Bi Nguchiro. "Tumekuonea vya kutosha. Kesho hutakwenda. Wewe ota moto, sisi tutakwenda kufa badala yako."

"La, la! Mimi nimeshazoea..."

"Umezoea nini? Mawimbi marefu kama minazi?"

Korongo akaachama. Angekataa, ingembidi aseme kwamba bahari ni shwari. Akasogea penye moto.

Kesho yake Kobe akajilaza juu ya mguu wa Korongo, uzito wote, wasije wakaachana. Wengine wakaenda na matenga, wakavua ndani ya mwamba mpaka matenga yakajaa. Waliporudi, wakachoma. Korongo tumbo linanguruma, moshi unamwingia machoni.

"Habari za bahari?" akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Nguchiro akatema mwiba. "Jamani, imechafuka! Samaki wamehama. Hata dagaa hayupo."

"Pole, Nahodha!" wakaitikia wote, midomo imejaa.

Kima akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza.

"Ulijua?" Bi Nguchiro akamgeukia. "Mwanangu alikuwa anakufa, na wewe ulijua, umekaa unaota moto?"

Kima akajitia kuchambua miiba. Mtoto mdogo, mashavu yanang'aa mafuta, akamvuta mama yake: "Mama, niongeze."

Mpaka leo kipupwe kikiingia mtamwona Korongo kasimama peke yake, shingo kaikunja. Haulizwi habari, wala hatoi.

Basi jifunzeni: anayewasimulia ubaya wa mahali, mnuseni kwanza mdomo. Na pwani ikiwa hatua mia mbili, nyanyukeni mkaone wenyewe.

Hadithi yangu nimeiacha mchangani, maji yakijaa yataichukua. Iliyompendeza ni yake. Iliyomwasha, ajikune.