Kadhi Yakdhani na Muhuri wa Kilima cha Mikunazi

Wamepokezana wasimulizi wa habari za watu wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kujua zaidi, kwamba katika mji wa Marjani alikuwapo kadhi mmoja akiitwa Yakdhani bin Suheli, mcha Mungu, mkweli wa ulimi, na mwepesi wa kuudhika. Hilo la tatu ndilo lililokuwa jihadi yake. Kila alipokerwa alileta istighfari mia, yaani kumwomba Mungu msamaha mara mia, kabla ya kufungua kinywa, na watu wa mji walizoea kumwona akipita midomo ikimcheza, wakaulizana, "Leo Kadhi amekutana na nani?"

Mji wa Marjani ulikuwa bondeni, ubavuni mwa mto. Kila masika mto ulifura ukaingia ndani ya majumba ya serikali. Hati za mahakama zililowa zikaota ukungu, na wajane waliotoka mbali kuja kutafuta haki zao walisimama topeni wakimsubiri karani aanike karatasi juani. Mwaka ambao maji yalifika kwenye baraza ya Sultani Muntasiri mwenyewe, Sultani akakata shauri. Mji wa kale wataachiwa wafanyabiashara na wavuvi wa mto. Yeye na diwani yake, yaani baraza lake la mashauri, pamoja na mahakama na hazina, watahamia kwingine. Akamwita Kadhi Yakdhani.

"Nitafutie mahali," akamwambia. "Pawe juu, mafuriko yasipafikie. Pawe kati ya nchi, maskini wa pembe yoyote apafikie kwa mwendo wa siku kumi. Pasiwe shamba la mkubwa yeyote. Na kisima chake kichotwe siku saba mfululizo kisipungue, nawe ushuhudie kwa macho yako. Ukishatia muhuri, mimi sitauliza tena."

"Nimesikia na nimetii, Maulana," akajibu Kadhi.

Sultani akampa wenzake wa safari: Waziri Sabuku, mkubwa wa mashauri ya ardhi, Amiri Dhirari, mkuu wa majeshi, na karani aitwaye Nufaili, mtu mpole wa kuandika. Wakatoka Marjani wakisomewa dua. Kadhi alidhani watarudi baada ya miezi miwili.

Siku ya nne Waziri aliwafikisha kwenye bonde zuri lenye mikomamanga iliyopangwa safu kwa safu. Akashuka kwenye nyumbu wake, akashika udongo, akaunusa, akasema hajapata kuona mahali penye baraka kama pale.

"Ardhi hii ni ya nani?" akauliza Kadhi.

"Ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu."

"Hilo nalijua. Na baada ya Mwenyezi Mungu?"

Waziri akakohoa, akasema ni ya shemeji yake. Wakaondoka. Mahali pa pili palikuwa pa shemeji yule yule, upande wa pili wa bonde. Pa tatu palikuwa pa mkwewe. Walipofika pa nne, Waziri aliapa kwamba pale hana ndugu, na kweli hakuwa naye. Aliyekuwa naye ni mtumishi wake wa zamani, aliyepewa ardhi ile wiki mbili nyuma. Kadhi alianza istighfari zake, zikafika mia, akaona hazitoshi, akaanza upya.

Amiri naye hakutaka mabonde. Yeye alitaka jabali. Aliwapandisha juu ya mwamba mmoja ambao nyumbu walikataa kuupanda, ikabidi watu wapande kwa mikono na magoti, na Kadhi wakati huo alikuwa amevuka miaka sitini.

"Tazama, Shekhe," akasema Amiri kwa furaha. "Adui hawezi kufika hapa."

"Wala mjane," akajibu Kadhi, akakaa chini kusugua magoti.

Kisha habari zikaenea nchini kwamba Sultani anatafuta makao, na kila kijiji kikataka kiwe ndicho. Wazee waliwangoja njiani na vibuyu vya maji waonje utamu wa visima vyao. Katika kijiji kimoja Kadhi alikunywa, akasema, "Maji ya hapa yana asali." Wazee wakaitikia kwamba naam, ndivyo yalivyo tangu enzi za mababu. Hapohapo Waziri na Amiri wakaingia katika ubishi wa siku tatu, kama kati ya nchi hupimwa kwa mwendo wa farasi au kwa mwendo wa punda. Walipomwendea Kadhi awaamue, walimkuta amejifunika shuka gubigubi mchana kweupe. Nufaili akawaambia kwa heshima kwamba Kadhi anaswali sunna. Alikuwa haswali. Alikuwa anajizuia.

Mwezi wa tisa wa safari wakafika Kilima cha Mikunazi. Palikuwa mahali pakavu pasipo na uzuri wowote, mawe na miiba, lakini juu, na njia nne za nchi zilikutana chini yake. Hapakuwa pa mtu. Wachungaji walinywesha mifugo kwenye kisima kimoja kirefu cha mawe. Kadhi alisujudu akashukuru. Waziri na Amiri walitazama vumbi lile, wakasema wamechoka, wakatangulia mjini. Kadhi akabaki na Nufaili na wachota maji wanne, kutimiza siku saba za kisima.

Wakachota siku ya kwanza tangu alfajiri, kwa zamu, bila kupumzika. Maji hayakushuka hata kiasi cha kidole. Wakachota siku ya pili. Hayakushuka. Jua lilikuwa kali, magoti ya Kadhi yalikuwa yamevimba, na chakula kilichobaki kilikuwa tende zilizoingiwa na mchanga. Alasiri ile akafika mjumbe na barua mbili zilizoandikwa njiani. Ya Waziri ilisema mlango wa diwani lazima uelekee mashariki. Ya Amiri ilisema lazima uelekee magharibi. Hakuna hata jiwe moja lililokuwa limewekwa juu ya jingine.

Kadhi akazikunja barua zote mbili. Safari hii hakuleta istighfari.

"Inatosha," akasema. "Nufaili, andika kwamba kisima kimechotwa siku saba."

Nufaili akainua kalamu, akaishusha. "Shekhe, leo ni siku ya pili."

"Maji yasiyopungua kwa siku mbili hayapungui kwa saba. Wewe unayaona, mimi nayaona. Andika, tuende nyumbani."

Nufaili akaandika, na Kadhi akatia muhuri.

Sultani alifurahi mno. Hakuuliza, kama alivyoahidi. Waashi wakaitwa, mawe yakaanza kukatwa, na siku ya kutangaza jambo lile msikitini ikawekwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kadhi akarudi barazani kwake kusikiliza kesi, na kwa siku kadhaa alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Kisha wakaja majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Mmoja alileta shahidi, mkulima mtu mzima, aliyesema kwamba aliona kwa macho yake jiwe la mpaka likisimikwa. Kadhi alimhoji kwa upole, na baada ya maswali matatu ikabainika kwamba jiwe lilisimikwa kabla yule mtu hajazaliwa. Alisimuliwa na babake.

"Lakini mpaka ndio huo, Shekhe," akasema yule mkulima. "Kila mtu anaujua. Sikumdhulumu mtu."

"Mpaka ni wa kweli," Kadhi akamwambia. "Ushahidi wako ndio si wa kweli. Umesema umeona usichokiona. Mtu wa namna hiyo, katika baraza hii, haku..."

Hakumaliza. Kadhi alikuwa akiutazama muhuri wake juu ya meza kana kwamba ameuona leo kwa mara ya kwanza. Kisha akaahirisha kesi, akainuka, akaenda nyumbani na viatu vyake akaviacha barazani.

Nufaili alimfuata, na akamkuta mbele ya mkewe, Bi Atika, amekwisha mweleza yote.

"Shekhe, usiseme," Nufaili akamsihi. "Tazama maslaha ya waja. Waziri Sabuku anatafuta upenyo. Ukikiri, atasema kazi yote ni batili, na mahakama itajengwa kwenye mikomamanga ya shemeji yake. Wajane watakuwa wakimlipa ili wapite. Je, hiyo ndiyo dhamiri njema?"

Maneno yale yalikuwa na uzito, na Kadhi aliyajua kabla hayajasemwa. Akamgeukia mkewe. "Mke wangu, wewe waonaje?"

Bi Atika alikuwa akichambua dengu, na hakuacha. "Miezi tisa umewakasirikia watu kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kumdanganya Sultani," akasema. "Sasa nawe umepata yako."

Kesho yake asubuhi Kadhi Yakdhani alisimama mbele ya diwani, na wakuu wote wakiwapo, akauweka muhuri wake mbele ya Sultani, akasema, "Maulana, niliandika siku saba. Zilikuwa mbili. Nufaili alinikumbusha nami nikamwamuru. Sikupewa kitu na mtu. Nilichoka tu."

Waziri Sabuku akainuka na uso wenye huzuni nyingi. "Inna lillahi," akasema. "Basi yote aliyoyaandika yameanguka. Nashauri turejee kwenye ardhi zile za mwanzo, ambazo Kadhi alizikataa kwa ulimi huu huu."

Sultani alishika paji la uso. "Mwaka mzima," akanena, "nimeomba kitu kimoja tu, mahali pa kuweka karatasi zangu zisilowe." Kisha akamwelekea Waziri. "Wewe ndiwe usiyekitaka kilima kile. Basi nenda ukakichote kisima. Siku saba kamili, na uhesabu mwenyewe. Kikipungua, nitasikiliza habari za mikomamanga."

Waziri akaenda kwa haraka. Akachukua wachota maji kumi na wawili badala ya wanne, na ndoo kubwa zaidi. Wanasimulia waliokuwapo kwamba alikaa ukingoni mwa kisima juani, akishusha kamba yenye mafundo kila saa kupima kina, na kwamba siku ya tano aliwafokea wachotaji kwa uvivu. Siku ya saba, jua lilipotua, maji yalikuwa pale pale. Waziri Sabuku akawa hana la kufanya ila kuandika alichokiona na kutia muhuri wake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna mtu katika nchi ile aliyeweza kuitilia shaka ardhi ya Kilima cha Mikunazi, kwa kuwa aliyeishuhudia ni adui yake.

Amiri Dhirari alikutana na Kadhi nje ya msikiti, akacheka kwa kusikitika. "Kumbe maji yalikuwa sawa tangu mwanzo. Umejivunjia heshima bure, Shekhe."

"Maji yalikuwa sawa," akasema Kadhi. "Mimi sikuwa."

Sultani akamwita akamrudishia muhuri wa ukadhi. Kadhi akaurudisha kwa mikono miwili. "Maulana, alikuja barazani kwangu mkulima kushuhudia mpaka wa shamba, nikamwambia ushahidi wake si wa kweli. Vipi nikae pale nimhukumu yeye, na mimi nijiache?"

"Mwaka mzima nimechoshwa na watu wanaotaka," Sultani akasema. "Leo nachoshwa na anayekataa." Lakini hakumlazimisha. Serikali ikahamia kilimani pamoja na kadhi mwingine, na Yakdhani bin Suheli akabaki Marjani, kwenye mto na tope lake, akiwafundisha watoto na watu wazima Kurani hadi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Inasemekana aliendelea kuwa mwepesi wa kuudhika.

Basi tuzingatie, enyi ndugu. Mja huyu hakujiwa na rushwa wala na vitisho. Vyote hivyo angevitambua tangu mbali. Alijiwa na uchovu, akiwa upande wa haki, na kazi njema imebakiza siku tano. Wengi wetu ndipo tunapoangukia, na wachache ndio wanaorudi kusema. Tunamwomba Mola atupe subira ya kuzitimiza siku zilizobaki, na pale tutakapozikata, atujaalie ulimi wa kukiri kabla hatujaulizwa.