Kompyuta Iliyosahau Asubuhi

Shari ni shari, hakuna anayeikaribisha ndani. Lakini ikishafika mlangoni, mwenye akili huchukua ile ndogo akaibeba mwenyewe, kabla ile kubwa haijamkalia kifuani. Hiyo ndiyo maana ya kusema heri nusu shari kuliko shari kamili, na fundi mmoja wa saa aliielewa siku moja akiwa mbioni, viatu mkononi.

Watu walimwita Mama Koleo, kwa kuwa koleo lake dogo la kuokotea skrubu halikumtoka mkononi hata akila. Asubuhi hiyo mume wa mdogo wake aliingia dukani, nywele zikidondosha maji. Alikuwa mpiga mbizi, kazi yake kukagua nguzo za daraja chini ya maji. Alishika kompyuta yake ya kuzamia, ile inayofungwa mkononi kama saa na kumwambia mtu ameshuka kina gani na akae huko dakika ngapi.

"Shemeji, hii inanichezea shere. Nikitikisa mkono inazima, nikiigonga inawaka. Mwezi huu nimebadilisha betri mara mbili! Leo nimeshazama mara mbili, na saa tisa narudi tena. Ikizima naitupa majini, na wewe unaifuata."

"Anza kumtupa mdogo wangu, tuone nani atakupikia," Mama Koleo alimjibu. "Na betri imekukosea nini? Unampiga punda, kumbe mzigo ndio umefungwa vibaya."

Shemeji alicheka. Akamnong'oneza kwamba ikipona hii, msimamizi wake atamletea kompyuta zote kumi na moja za kikosi. Moyo wa Mama Koleo uliruka. Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, meza yake ilikuwa kavu kama jangwa.

Alifungua kifuniko. Ndiyo hiyo! Kibati kinachogusa betri kilikuwa na kutu ya kijani, na springi yake imelala. Alikipangusa kwa pamba yenye tone la siki, akakisugua kwa kifutio cha penseli, akaiinua springi. Kwa kuwa hakuwa mtu wa pupa, aliiacha wazi dirishani zaidi ya saa nzima, bila betri, hadi unyevu wote ukauke. Kisha akaweka betri mpya na mpira mpya wa kuzuia maji, akaitumbukiza kwenye bakuli. Hakuna hata povu moja. Ilipowaka ilionyesha tarehe ya miaka mingi nyuma, akairekebisha. Shemeji akaondoka akipiga mluzi.

Hapo angetulia. Wapi! Alikaa, akasimama. Akafagia palipokwisha fagiwa. Kitu kilimsumbua kama mchanga ndani ya kiatu.

"Tarehe niliirudisha kwa mkono wangu," alijisemea ghafla. "Ile mizamo miwili ya asubuhi nani ameirudisha?"

Mtu akiwa kilindini, hewa hujipenyeza damuni, na akitoka haimwishi yote upesi. Kompyuta hukumbuka iliyobaki na kumpunguzia dakika za mzamo unaofuata. Akipitiliza, hewa hiyo hufoka mwilini kama soda iliyotikiswa. Mtu hupooza, au hufa. Na kompyuta hii, kwa kukaa bila betri, ilikuwa imesahau asubuhi nzima.

Alipiga simu. Iliita hadi ikakata. Saa nane na nusu! Akavua viatu, akakimbia.

Alipoliona daraja, akapunguza mwendo. Msimamizi alikuwepo, na kando yake kisanduku cha kompyuta. Aliyeharibu moja atapewa kumi na moja? Labda shemeji atakumbuka mwenyewe. Labda. Kisha akamwona, mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya kushukia majini.

"Usizame!" alipiga kelele. "Nimekosea mimi! Imesahau mizamo yako ya asubuhi!"

Wafanyakazi wakaangua kicheko. "Mama, hata saa nayo husahau?" mmoja alimdhihaki.

Msimamizi hakucheka. "Kwa hiyo umeiharibu."

"Nimeiharibu. Pigeni hesabu kwenye jedwali lenu."

Shemeji alitazama kompyuta mkononi: kwa mita ishirini, dakika arobaini. Msimamizi akapitisha kidole kwenye jedwali lililobandikwa kwenye ukuta wa kibanda chao, akihesabu mizamo ya asubuhi. Kidole kikasimama kwenye dakika nane. Kicheko kikazimika.

"Hakuna mzamo hadi kesho," msimamizi alisema, akikichukua kisanduku. "Na hizi nitazitafutia fundi mwingine."

"Sawa," Mama Koleo aliitikia.

Jioni mdogo wake alimpigia. "Dada, umemfanya nini mume wangu? Karudi mapema, yuko kochini anakoroma kama jenereta. Hebu msikie!"

Mama Koleo alimsikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaliweka koleo mezani, akakaa. Kazi ilikuwa imemponyoka, lakini shemeji yake alikuwa akikoroma: ama kweli, heri nusu shari kuliko shari kamili.