Majina Mia na Tisini na Nne

Wapendwa, kabla sijasema la Mungu niseme la kwangu, maana nimelibeba mwaka wa pili sasa na linaniuma bega. Siku ile ya mkutano wa kijiji, tulipoombwa nguvu za kuchimba vyoo vya shule, mimi huyu mnayeniona hapa nilinyoosha mkono nikasema, "Waliozaa kama panya ndio wachimbe!" Mlicheka. Mlicheka mpaka wengine mkaegemeana. Nikaketi nimefurahi kama mtu aliyetoa sadaka. Mkutano ukafungwa kwa kicheko, na jembe halikunyanyuliwa hata moja.

Bwana anisamehe. Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliyefundisha darasa la kwanza katika kata kama hii yetu. Shule yake ilijengwa zamani, enzi ambazo ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu. Vyumba saba, choo cha matundu sita, basi, ikatosha. Lakini watu wakaongezeka. Palipokuwa malisho pakawa nyumba, nyumba zikatoa watoto, na kabla wale hawajaota ndevu nao wakatoa watoto. Vyumba vikabaki saba vilevile. Matundu ndiyo yaliyopungua, maana mengine yalijaa yakafungwa.

Mwaka ule mama huyo alipokea watoto mia na tisini na nne. Hamkusikia vibaya. Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Walikaa sakafuni wamebanana kama dagaa kwenye kichanja, na yeye akitaka kufika nyuma ilibidi avue viatu asije akamkanyaga mtu vidole.

Na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake. Kila siku aliita majina. Yote! Asubuhi aliita, na baada ya mapumziko aliita tena. Hakuhesabu vichwa, wala hakuuliza "mpo wote?" Aliita jina la mtoto na la baba yake, kwa sababu mnajua huku kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, na darasani mle Kulwa walikuwa watano na Doto watano. Ukiita Kulwa tupu, unaitikiwa na kwaya.

Siku moja mwalimu mkuu alimfuata mlangoni.

"Mwalimu, wewe unafundisha kusoma au unafanya sensa?"

"Nafundisha, Mkuu."

"Saa ngapi sasa? Kipindi chote ni nipo, nipo, nipo. Hesabu vichwa yaishe!"

"Mkuu, hawa kwao wako tisa, wako kumi. Mama akimtaka mmoja anaanza kuwataja wote, na mbuzi humo humo, mpaka ampate. Nisipowaita mimi, nani atawaita?"

Mwalimu mkuu alicheka, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto zaidi ya elfu moja, na kengele moja.

Basi siku hiyohiyo, mapumziko yamekwisha, mama akafungua daftari lake na kuanza kuita. Jua linawaka, bati linalia, watoto wanasinzia. Akafika katikati.

"Kulwa Masunga."

"Nipo!"

"Doto Masunga."

"Nipo!"

Kalamu ya mama ikasimama. Akainua macho.

"Hapana. Aliyeitika mara ya kwanza siye Kulwa."

Darasa zima likacheka. Wale pacha walifanana mpaka bibi yao aliwatambua kwa kovu la goti! Lakini mama hakucheka.

"Doto, simama. Dada yako yuko wapi?"

"Yupo, mwalimu."

"Yupo wapi?"

Mtoto akaangalia vidole vyake vya miguu. "Alikwenda chooni. Foleni ilikuwa ndefu, mwalimu, kengele ikakaribia. Akasema anakwenda kile cha zamani. Mimi nimeitika ili asichapwe."

Kile cha zamani! Lilikuwa shimo lililojaa nusu, likaachwa, likafunikwa magogo na udongo miaka mingi nyuma. Mchwa walikuwa wamekwisha kuyala yale magogo kutoka chini.

Mama alitoka mbio, chaki mkononi, peku, maana viatu alikuwa amekwisha kuvivua. Nyuma ya uzio akakuta ndala moja, na karibu yake tundu jeusi ardhini. Hakuna kilio. Hakuna kitu. Wapendwa, mngefanya nini? Mngeita "nani yupo humo?" Yeye alilala kifudifudi, akaweka mdomo pale kwenye tundu, akaita kama anavyoita kila siku, jina na la baba:

"Kulwa Masunga!"

Na kutoka chini, sauti ndogo iliyokauka kwa kulia, ikaitika:

"Nipo, mwalimu."

Alikuwa amening'inia kwenye gogo la mwisho, limemkaa makwapani. Mama akafungua kilemba chake, akakiteremsha. "Kizungushe mkononi. Mara mbili. Usiniangalie mimi, angalia kitambaa." Akavuta. Gogo likakatika, likaanguka, na mtoto akabaki kwenye kilemba. Mwalimu mkuu alipofika na watu na kamba, aliwakuta wawili wamekaa kwenye vumbi, mtoto ananuka vibaya na mwalimu amemkumbatia hivyohivyo.

Kesho yake, baada ya mapumziko, mwalimu mkuu alikwenda akasimama kwenye ule mlango. Akasema neno moja tu: "Ita, mwalimu. Kengele itasubiri."

Wapendwa, mnamsifu mama huyu? Mimi namsifu mpaka naona haya. Sisi tukiona watoto wamejaa barabarani asubuhi tunasema, "Watu wamekuwa wengi." Ni kweli, wamekuwa wengi, ardhi haikutanuka, visima havikuongezeka. Lakini nani kati yao amezidi? Nionyesheni huyo mmoja. Mungu hahesabu vichwa. Naye anaita jina na la baba.

Na ninyi baba na mama, kabla hamjamwita mtoto mwingine aje, jiulizeni kama mmemaliza kuwaita walioko. Ongeeni wawili. Nendeni zahanati mkaulize habari za uzazi wa mpango. Kumpa mtoto nafasi ya kujulikana si kukosa imani. Nawaambia hivi bila dharau. Dharau yangu mliisikia kwenye ule mkutano, na sasa mtaona ilichimba shimo gani.

Maana sikilizeni: shule niliyowasimulia ni ya mfano. Mama yule ni wa mfano, na Kulwa pia. Lakini jana jioni nilikwenda nyuma ya shule yetu, hii hapa ng'ambo ya korongo. Nikapiga gogo la choo cha zamani kwa fimbo. Fimbo ikazama.

Hajaanguka mtu. Bado.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nitakuwa pale. Nakuomba, njoo na jembe.