Watoro wa Mwalimu Kisamo

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu, msije mkanibana na tarehe, watu watatu wa shule moja ya sekondari kule mlimani Kilimanjaro waligombania daftari kuukuu. Msicheke bado. Subirini.

Daftari lilikuwa la Mama Siranushi, Mwarmenia aliyezeekea Moshi mjini akitengeneza saa. Humo bibi yake alikuwa ameandika, kwa mkono wake mwenyewe, majina ya watoto aliosoma nao darasa moja. Mwaka 1915 utawala wa Osmania, kule Uturuki, uliwafukuza Waarmenia makwao. Wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakaswagwa kwa miguu kuelekea jangwani, wakafa njiani maelfu kwa maelfu. Darasa lile lilikuwa na watoto thelathini na wawili. Alibaki mmoja, yule bibi.

Mama Siranushi hakuwa na mtoto wala mjukuu. Akamwendea mwalimu wa historia, Mwalimu Ombeni, akamkabidhi daftari.

"Mwanangu, nimezeeka," akasema. "Nikifa, haya majina atayasoma nani? Wafundishe vijana. Ijumaa nitakuja. Nitakayemwona ameyaingiza mioyoni mwao, huyo nitamwachia daftari moja kwa moja."

Ombeni akafundisha. Jamani, alifundisha! Jumatatu akaandika tarehe ubaoni, darasa likalala. Jumanne akaandika mikataba, darasa likalala. Jumatano akachora ramani, wakalala mpaka viranja. Alhamisi akasoma majina ya daftarini, wakakoroma. Alibaki macho msichana mmoja, Ndeshi, na si kwa kupenda. Alikuwa na adhabu ya kusimama nyuma ya darasa wiki nzima kwa kuchelewa kuhesabiwa namba asubuhi.

Aliyempa adhabu ni mwalimu wa nidhamu, Mwalimu Kisamo. Huyu alipenda kuita majina kuliko kunywa chai. Karatasi yoyote yenye majina yaliyopangwa, kwake ilikuwa mahudhurio.

Ijumaa asubuhi Ombeni akalisahau daftari kwenye meza ya walimu, chini ya chupa ya chai. Kisamo akapita, akaliona, akalibeba mpaka mstarini, mbele ya shule nzima. Majina yalimshangaza kidogo tu, maana shule ile ilikuwa na mwanafunzi aitwaye Oktoba na mwingine aitwaye Redio.

"Hagopi!" akaita.

Kimya.

"Hayupo. Vartani!"

Kimya.

"Hayupo. Zabeli!"

Wanafunzi wakaanza kucheka. Kila jina likiitwa, shule nzima inaitikia kwa raha zake, "Hayupooo!" Kisamo jasho likamtoka. Miaka ishirini na miwili ya kusimamia nidhamu, hajawahi kuona darasa zima limetoroka.

"Watoro thelathini na mmoja!" akanguruma. "Jumatatu nawataka wote hapa, na wazazi wao!"

Ndeshi akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Wazazi wao nao hawapo."

"Wamekwenda wapi?"

"Waliuawa, mwalimu. Na hao watoto pia. Wengi walikuwa wadogo kuliko sisi."

Akaeleza yote, tangu siku walipotolewa majumbani mpaka jangwani. Kicheko kikakatika. Kisamo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Angeweza kufunga daftari akaenda zake ofisini. Hakufunga. Akaanza upya, polepole, kama anayeita wanawe waje kula.

"Hagopi."

Na watu mia sita wakaitikia kwa sauti ya chini, "Hayupo."

Hivyo hivyo mpaka jina la mwisho. Nami nilikuwapo. Nililia, wala sioni aibu kuwaambia.

Mama Siranushi alikuwa amesimama langoni, amesikia kila kitu. Akaja, akalichukua daftari mkononi mwa Kisamo.

"Nani amewafundisha hawa?" akauliza.

Hapo ndipo rabsha ilipoanza.

"Ni mimi, mama," akasema Ombeni. "Siku nne koo limenikauka. Alichokisema Ndeshi alikitoa wapi kama si kwangu?"

"Wewe uliwalaza!" akadakia Kisamo. "Mimi ndiye niliyewaamsha. Tena nani alimsimamisha huyu binti asilale? Na madaftari ya majina nayajua kuyatunza, sijapoteza hata moja. Wewe uliliweka chini ya chupa ya chai!"

"Lakini ulidhani ni watoro!"

"Ndiyo," akasema Kisamo, na sauti ikamshuka. "Nilidhani watakuja."

Ndeshi akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Mimi sikufundisha wala sikuita. Ila pale nyuma niliposimama niliyashika majina." Akayataja yote thelathini na moja, bila kutazama popote, bila kuruka hata moja. "Walimu wangu watastaafu. Mimi nina miaka kumi na sita, nitayasema muda mrefu."

"Kama unayajua kwa kichwa," akasema Kisamo, "daftari la nini tena?"

"Watoto wangu watataka kuyaona, mwalimu."

Mama Siranushi akawatazama mmoja mmoja. Daftari moja, mikono mitatu imenyooshwa, na kulichana hawezi.

Haya, ninyi mliokaa macho na ninyi mliosinzia, nijibuni: aliyeyaleta majina shuleni, aliyeyaita akiamini yataitikiwa, na aliyeyabeba kichwani. Je, nani alistahili kukabidhiwa wale watoto?